Sahani ya Jirani Itoke Kwanza

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa mtaa wetu, Magomeni, Dar es Salaam, katika kikao cha maandalizi ya Idi Kubwa. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waheshimiwa masheikh wetu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wangu, mama zangu na dada zangu, ndugu zetu Wakristo mlioitikia mwaliko wetu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na kwenu nyote, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya karamu ya sikukuu, namna tunavyoila pamoja na ndugu, jamaa na marafiki. Neno nililo nalo ni moja, nami nitalisema mapema ili hata atakayelazimika kuwahi dukani kwake aondoke nalo: sahani ya jirani itoke kwanza, kabla sinia la wenye nyumba halijatandikwa. Sisemi itoke baada ya sisi kushiba. Sisemi itoke jioni, wakati uliobaki sufuriani ni ukoko. Nasema itoke kwanza.

Je, agizo hili nimelitunga mimi? La hasha. Tazameni tulivyofundishwa katika Idi Ndogo. Zakatul-fitri, ile sadaka ya lazima ya chakula ya kumalizia Ramadhani, iliwekwa mwaka wa 2 wa Hijra, mwaka ule ule ilipofaradhishwa saumu ya Ramadhani. Katika hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaelezwa kwamba Mtume (s.a.w.) aliifaradhisha iwe pishi moja ya tende au pishi moja ya shayiri juu ya kila Mwislamu, muungwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke, mdogo na mkubwa, kisha akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Kwetu sisi hutolewa katika chakula kikuu cha mji, ambacho kwa wengi wetu ni mchele, na pishi hiyo hukadiriwa kuwa kama kilo 2.5 hivi.

Zingatieni wakati uliowekwa. Kwa nini kabla ya swala, wakati siku nzima ya Idi bado iko mbele? Mimi naona jibu liko jikoni. Aliyepewa mchele wake mapema hurudi kutoka msikitini akainjika sufuria saa ile ile unayoinjika wewe. Aliyepewa adhuhuri amekwisha kuwaona watoto wake wakisimama kwenye mlango wa wenzao.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Pangani, alikuwa na kibaba cha bati kilichobonyea ubavuni. Usiku wa kuandama mwezi alitandika mkeka ukumbini, akaweka gunia la mchele upande mmoja na kapu tupu upande wa pili, akaanza kupima vibaba vinne kwa kila kichwa, maana vibaba vinne ndiyo pishi, huku akitaja kwa sauti jina la kila mtu wa nyumba ile. Hakuna aliyerukwa. Mwaka ambao mdogo wangu alizaliwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, naye alitajwa jina lake akapimiwa vibaba vyake vinne, ingawa hakuwa hata amefumbua macho vizuri. Tena kilikuwa kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafurika juu, si cha mfuto kilichosawazishwa ukingoni. Kisha sisi watoto tulitumwa gizani, kila mmoja na kifurushi chake, na amri ilikuwa moja: ukishakabidhi, geuka uondoke, usisubiri kushukuriwa. Mpaka leo naamini kwamba bibi yule alikuwa anatufundisha hesabu ya sikukuu. Kwanza tunawahesabu watu wetu wote, mmoja mmoja, na kwa idadi hiyo hiyo tunawatolea wa nje. Ukubwa wa familia ulikuwa ndio ukubwa wa wajibu.

Sasa nije kwenye Idi iliyo mbele yetu. Masheikh wapo hapa na wanazijua hukumu za udhia, yaani mnyama anayechinjwa kwa ibada ya Idi Kubwa, kunishinda, kwa hiyo nitagusa yale tu yanayohusu kugawana. Mbuzi mmoja humtosha mtu pamoja na watu wa nyumba yake. Ng'ombe hushirikiana watu saba, na ngamia kadhalika, kama alivyosimulia Jabir bin Abdillah juu ya mwaka wa Hudaybiya. Je, mnaiona hekima yake kwa mtaa kama huu wetu? Majirani saba waliochanga pamoja, wakaenda pamoja mnadani Pugu, wakarudi na mnyama mmoja wa wote, hawawezi tena kufungiana milango siku ya kugawa nyama.

Niseme neno juu ya mchinjaji, maana huyu husahaulika. Sayyidna Ali (r.a.) alisimulia kwamba Mtume alimwamuru awasimamie ngamia wake wa kuchinjwa, agawe nyama yao, ngozi zao na matandiko yao, wala asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ujira wake. Ujira hutoka mfukoni mwa mwenye mnyama. Kijana atakayekuja na visu vyake kutoka Vingunguti alipwe fedha yake kamili, kisha apewe fungu la nyama kuwa zawadi, kama anavyopewa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa naye ana nyumba na sikukuu ni yake pia. Nimewahi kuwashuhudia vijana waliosimama juani mpaka alasiri wakichuna na kukata, wakaondoka na utumbo peke yake. Jambo hilo lisitokee tena katika mtaa wetu.

Wengi wetu tunaijua ile kawaida ya mafungu matatu: fungu la nyumbani, fungu la jamaa na marafiki, na fungu la maskini. Ni kawaida njema. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, kuna sharti ambalo huenda hatulitafakari vya kutosha, nalo ni kwamba sehemu ya nyama ya udhia lazima imfikie maskini ikiwa mbichi. Wanazuoni hueleza kwamba nyama hiyo inapaswa kuwa milki yake, aifanyie atakalo: aipike, ampe mwenzake, hata aiuze akitaka.

Fikirini, ndugu zangu, kuna heshima kubwa kiasi gani katika sharti hilo. Ukimwita mtu aje kula kwako umemshibisha, na hilo ni jema. Lakini ukimpelekea nyama mbichi asubuhi umemwezesha apike katika sufuria yake, kwa namna anayoipenda yeye, awakaribishe wageni wake na kuwaambia, "Karibuni, leo ni Idi." Umemfanya naye kuwa mwenyeji. Mtu anayekaribishwa mwaka hadi mwaka bila yeye kupata nafasi ya kukaribisha, sikukuu humchosha moyo, hata kama kila mara anarudi ameshiba.

Katika Surat al-Hajj, aya ya 36, tumeamrishwa kula katika wanyama hawa na kuwalisha watu wa namna mbili: yule aliyekinai asiyeomba, na yule anayeomba. Anayeomba hatusumbui kumtafuta, kwa kuwa atagonga mlango mwenyewe. Kazi yetu iko kwa yule wa kwanza. Je, tunamjua? Tunaijua nyumba yake?

Nitawapeni kisa kimoja, na mhusika sitamtaja. Palikuwa na jirani yetu, mjane, mpangaji wa chumba kimoja cha uani. Kila asubuhi ya Idi aliwaogesha watoto wake, akawavalisha, akafunga chumba kwa kufuli, akatuaga kwa bashasha kwamba wanakwenda Mbagala kula sikukuu kwa shangazi ya watoto. Walirudi baada ya magharibi. Sote tukaridhika kwamba mwenzetu ana ndugu wa kumkirimu, na hakuna aliyemwekea chakula, kwa sababu tulijua amekula kwa watu wake. Siku moja mtoto wake mdogo alikuwa akicheza na wajukuu zangu, wakawa wanasimuliana sikukuu, naye akasema bila kujua analosema kwamba wao siku ya Idi huenda kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, wakakaa bustanini, mama akawanunulia karanga, wakangoja giza liingie ndipo warudi. Kwa shangazi hawakuwahi kwenda. Huyo ndiye asiyeomba. Alikuwa akiishi ukuta mmoja na sisi, na ukarimu wetu wote ulipita mbele ya kufuli lake.

Sasa nawauliza: sahani ya mama yule ingetoka kwanza, alfajiri, kabla hajawavalisha watoto, angefunga chumba?

Naja kwenye jambo la friza, na hapa nitakaa kidogo. Zamani nyama ya Idi haikuwa na mahali pa kujificha. Ungekausha kidogo, ungekaanga kidogo, na iliyobaki joto la Dar es Salaam lilikuamulia. Leo mtu anaweza kuchinja mbuzi wawili, akatoa vifurushi vichache vya mifupa, na minofu akaipanga vizuri katika friza mpaka imfikishe Muharram. Je, ni haramu? Siyo haramu. Lakini sikilizeni kilichotokea Madina.

Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kwamba mwaka mmoja, wakati wa Idi ya kuchinja, watu wa majangwani walifika mjini wakiwa katika hali ya dhiki. Mtume akawaambia watu wabaki na nyama ya siku tatu tu, na inayozidi waitoe sadaka. Watu wakatii. Mwaka uliofuata wakamjia wakamweleza kwamba watu wamezoea kutengeneza viriba kwa ngozi za wanyama wao na kuyeyusha shahamu. Akawauliza kuna nini katika hilo. Wakasema: ulitukataza kula nyama ya udhia baada ya siku tatu. Akawajibu kwamba aliwakataza kwa ajili ya wale maskini waliokuwa wamefika. Basi sasa kuleni, wekeni akiba, na toeni sadaka.

Naipenda sana habari hii kwa sababu inatuonyesha kwamba hukumu ya akiba ilifuata hali ya watu walioko nje ya mlango. Mwaka wa shibe, weka. Mwaka ambao wageni wenye njaa wameingia mjini, usiweke. Hakuna aliyeambiwa kwamba nyama ni mbaya au kwamba friza ni dhambi. Aliambiwa atazame nje kwanza, kisha ndipo aamue.

Basi sisi tutazame nje. Mtaa huu, mwaka huu, ni mwaka gani? Nyinyi wenyewe mnajua nani amefungiwa biashara, nani amepoteza kazi, nani anauguza mgonjwa na fedha zote zimekwenda kwenye dawa, na ni wapangaji gani wapya waliohamia na magodoro kichwani bila hata jiko. Hao ndio watu wa majangwani wa mwaka wetu. Mimi kwa maoni yangu, na natambua kwamba si sheria bali ni rai ya mtu mzima anayeupenda mtaa wake, mwaka huu tushike siku tatu. Tukila sisi na jamaa zetu kwa siku tatu, kitakachobaki kitoke.

Ndugu zetu Wakristo, msidhani kwamba nimewasahau, maana somo la sahani kutoka kwanza mimi nililiona kwenu pia. Nimekulia katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko moja la wote. Chumba cha mbele kushoto walikaa watu wa Kilimanjaro, Walutheri. Miaka ambayo hawakusafiri kwenda kwao, siku ya tarehe 24 Desemba baba wa chumba kile alikuja kwa marehemu baba yangu na jogoo mkononi, wakati mwingine mbuzi, akamwomba amchinjie ili nyumba nzima ipate kula. Baba alichukua kisu, akaelekea kibla, akasoma Bismillahi Allahu Akbar, akachinja. Na mama wa chumba kile alikuwa na sufuria yake maalumu aliyoitenga juu ya kabati, ambayo haikuwahi kuingia nyama ya nguruwe, na kila Krismasi aliishusha, akaionyesha kwa mama yangu kabla ya kuanza kupika. Hakuna aliyemtaka aionyeshe. Alitaka mwenyewe tule bila shaka yoyote moyoni. Saa saba mchana, kabla wao hawajakaa mezani, sahani zilikuwa zimekwisha kugonga milango yote mitano.

Msilione jambo hili kuwa dogo. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo juu ya nani achinje nyama ulizua fujo, na mchungaji mmoja akauawa. Kisu kile kile ambacho katika nyumba yetu kilikuwa njia ya jirani kumwambia jirani "nataka ule kwangu", mahali pengine kilikuwa sababu ya msiba. Kwa hiyo mzazi anayemtuma mwanawe na sahani ya pilau kwa jirani wa dini nyingine anafanya kazi nzito kuliko anavyodhani. Naomba isikome.

Sasa, mama zangu, niseme juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa sahani haitoki yenyewe. Pilau ya watu hamsini ina mtu aliyeamka saa tisa za usiku. Kuna aliyemenya vitunguu mpaka macho yakamvimba, akavikaanga taratibu bila kuondoka jikoni, kwa sababu rangi ya pilau imo katika kitunguu, na kikiungua kimeungua chote. Kuna aliyetwanga tangawizi na thomu, aliyechagua mchele, aliyechemsha nyama akaitunza supu yake, aliyetia bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kisha akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Mtu huyo akifika saa sita hana nguvu ya kumpelekea mtu yeyote chochote. Tukitaka sahani itoke kwanza, basi wanaume na vijana waingie uani. Wachote maji, wapasue kuni, wachukue sahani mlango kwa mlango, na masufuria makubwa yakishapoa wayasugue wao. Nasema haya mbele ya wanangu wa kiume, na wananisikia.

Na sahani iwe sahani. Pakueni kutoka juu, penye wali uliochambuka, mtie mnofu na kiazi, na kachumbari mbali katika bakuli. Desturi yetu ya pwani ni kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu, na ni desturi nzuri, ila kwa asiye na kitu inaweza kuwa mzigo. Nimeona mtu akikataa chakula kwa kuogopa atarudisha nini. Dawa yake ni wewe mwenyewe kuifuata sahani yako jioni, ukaingia, ukakaa, ukaomba maji ya kunywa. Ukishanywa maji yake, amekukirimu, na hakuna deni.

Jamaa zetu walioko Oman wana desturi ambayo ningependa muisikie. Siku ya Idi hupika shuwa: nyama hupakwa viungo, hufungwa katika majani ya mgomba, hutiwa katika vifuko, kisha hushushwa katika tanuri lililochimbwa ardhini na kufukiwa kwa siku moja au mbili. Tanuri mara nyingi ni la kijiji kizima. Kila familia huweka alama katika mzigo wake, mizigo yote huingia pamoja, na siku ya kufukua wote hukusanyika. Anayejiuliza kwa nini ndugu zetu hao, hata waliozaliwa Unguja au Pemba, hupanga safari kurudi vijijini kwao kila Idi, sehemu ya jibu imo katika tanuri hilo.

Sisi hatuna tanuri la kijiji, lakini tuna uwanja huu, tuna mikeka na tuna masinia. Mtume alikwisha kutuonya kwamba chakula kibaya ni cha walima wanaoitiwa matajiri wakaachwa maskini. Onyo lile lilikuwa la harusi, nami nalichukua kwa sikukuu pia. Pale uwanjani sinia lisipangwe kwa cheo. Mzee akae na mtoto, mwenye nyumba akae na mpangaji, na mgeni asiyejulikana apewe nafasi mahali nyama ilipo.

Nimalizie na tuliyokubaliana katika kamati. Orodha ya nyumba za kupelekewa nyama mbichi wanaiandaa akina mama wawili na mzee mmoja, nayo haitasomwa msikitini wala mahali popote. Anayemjua jirani asiyeomba awanong'oneze wao. Wachinjaji watalipwa fedha taslimu siku moja kabla. Nyama itaanza kutoka mara tu baada ya kuchinja, na hakuna mchangiaji atakayechukua fungu lake mpaka vijana wamerudi na makapu matupu. Vijana wa Kikristo wa mtaa huu wamejitolea kulinda magari na kuchota maji wakati sisi tuko kwenye swala, na tumewakubalia kwa shukrani.

Wanaotaka kuchangia ng'ombe waandikishe majina kwa katibu, meza ile pale. Ng'ombe wa kwanza amebakiza watu wawili.

Wabillahi tawfiq. Asanteni sana kwa kunisikiliza.